Ndovu Hana Makosa

Nimesema ukweli kuhusu yule ndovu, Wakesho! Nimeusema wote, mbele ya Baba Mdogo wako, mbele ya Fundi Wanjala, mbele ya wale wanaume wawili waliokuja na nyundo za kubomolea. Na kibanda chetu cha bustani hakibomolewi. Ng'o! Kitarekebishwa, na wa kukirekebisha ni mimi mamako, kwa mikono hii unayoijua.

Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo mwanangu? Najua hujambo, maana asubuhi hii tu nimekuona ukipanda gari la Rukanga kwenda kumuaga nyanyako, umevaa kile kitambaa changu cha kichwa bila kuniomba. Kimekupendeza. Vitu vyangu vyote huwa vinakupendeza, na hata ile pua ni yangu.

Sasa ni saa kumi jioni. Nimekaa hapa kibandani, upande ule uliobaki umesimama, naandika nyuma ya daftari lako la Jiografia. Ukirudi nyumba itakuwa imejaa watu wa kukuaga, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Lodwar kufundisha. Nami unanijua: nikifungua mdomo kusema jambo la maana, mzaha unatangulia, watu wanacheka, jambo linapotea. Kwa hiyo naandika. Utasoma njiani. Lodwar ni mbali, utaisoma hata mara tatu.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga mlango siandiki. Mwalimu mzima akumbushwe kufunga mlango? Naandika kwa sababu juzi ulinitisha. Ulisema utaandika barua uikatae hiyo kazi, ubaki hapa Voi uniangalie, kwa sababu Baba Mdogo anataka kubomoa kibanda ajenge vyumba vya kupangisha, na mimi niko peke yangu. Nilikujibu kwa mzaha, nikakwambia hata jogoo wangu ni mkali kuliko Baba Mdogo. Lakini moyoni nilijua mzigo huo nimekubebesha mimi, kwa uongo wangu mwenyewe. Leo nimeutua.

Wewe kibanda hiki umekijua kikiwa kimesimama. Hukukijua kikiwa matope, ulikuwa bado mchanga mgongoni mwangu. Mimi na babako tuliyafyatua matofali yake wenyewe, kwa udongo huu mwekundu, Jumapili baada ya kanisa, kwa maana siku nyingine zote babako alikuwa kwenye shamba la mkonge. Tuliyachoma kwa kuni za mgunga. Wanawake wa kanisani wakipita wanacheka: "Mama Wakesho, huo si mwiko wa ugali!" Nikawajibu, "Ugali wangu mnaujua. Ngojeni muone ukuta."

Na waliuona. Nguzo nne, ukuta mfupi wa kuzunguka wenye baraza ya kukalia, bati juu, mipasheni ikipanda. Nguzo mbili nilijenga mimi na mbili akajenga babako. Kabla ya yule ndovu ungeweza kupima kwa uzi wa timazi ukajua zipi ni zangu. Zangu zimenyooka kama askari. Zake, Mungu amrehemu, zimesimama kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Aliyetufundisha ni Wanjala. Wakati huo alikuwa kijana, amekuja kutoka upande wa Kakamega kwa kazi ya reli, akakosea njia ya kurudi kwao mpaka leo. Alituambia matofali yetu ni laini, kwa hiyo tusiyaunge kwa simiti kali. Akatufanyia mchanganyiko wake: udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, chokaa kidogo. Na lile tofali lenye kwato, unalikumbuka? Mbuzi alilikanyaga likiwa bichi, nikataka kulitupa. Babako akakataa. Akaliweka kwenye nguzo ya mlangoni, alama ikitazama nje, ili wageni wajue fundi wa tatu alikuwa nani. Ukiwa mdogo ulikuwa hupiti mlango huo bila kutia kidole kwenye ile alama.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa maana sijawahi kukwambia.

Babako alipofariki ulikuwa darasa la saba. Ilipokaribia kumbukumbu ya mwaka, nikaona udongo kati ya matofali umeanza kumomonyoka, matofali mawili matatu yakicheza ukiyagusa. Kazi ndogo. Lakini ukoo wote wa babako ulikuwa unakuja, na nilijua wanachosema: mjane yule, tutaona kama atauweza mji. Nikasema mtaona! Nikanunua simiti, karai moja ya simiti kwa karai mbili za mchanga, kama najenga daraja. Wanjala akaja akasimama pale kwenye mpapai, mikono nyuma.

"Mama Wakesho, hii simiti ni kali kuliko hii matofali. Matofali ikitaka kupumua itapumulia wapi?"

"Fundi, matofali hayana pua. Kunywa chai."

Akanywa. Halafu akaona maji. Unajua maji ya mfereji hapa kwetu huja siku mbili kwa wiki. Mimi sikutaka kungoja Ijumaa. Nilichota kisimani kwa jirani, yale maji ya chumvi ambayo hata sabuni inakataa kutoa povu. Mtoto wa Voi wa miaka mitano anajua maji yale ni ya kuoshea miguu. Wanjala akaniambia, "Ngoja Ijumaa." Nikamwambia Ijumaa ni yake. Wala sikukwangua udongo wa zamani ukatoka kama inavyotakiwa. Nilipaka simiti juu juu, nikapiga mstari kwa mwiko, ikang'aa. Mwanangu, iling'aa! Siku ya kumbukumbu, hata Baba Mdogo wako alisema, "Shemeji, umetushinda." Neno hilo nililila mwaka mzima.

Kisha ukuta ukaanza kuota unga mweupe. Ilikuwa ile chumvi. Kila Jumapili nilikuwa naamka kabla ya watu nikaufuta kwa kitambaa kikavu. Mwenyekiti wa wanawake aliniwahi siku moja: "Mbona ukuta wako umeota mvi?" Nikamwambia ukuta wenye akili huzeeka mapema. Akacheka, nikacheka. Nilipobaki peke yangu nikagusa tofali, uso wake ukamenyeka mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mwaka ule haukuwa ukuta tu. Ulikuja siku moja ukakaa hapa hapa nilipokaa sasa, ukalia kwa ajili ya babako. Nikakwambia, "Wakesho, kwetu hatulii hovyo. Inuka ukateke maji." Ukainuka. Hukulia tena mbele yangu, na mimi nikajisifu kanisani kwamba mwanangu ni jasiri kama mamake. Kumbe kila likizo ulikuwa unaenda kulia Rukanga. Nyanyako aliniambia mwaka jana tu, tukipepeta pojo: "Machozi ya mwanako yamemaliza leso zangu tatu." Nilimkasirikia wiki nzima, sikumpigia simu. Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe, na hiyo haikuisha kwa wiki moja.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo, na unajua hili ni neno ambalo mimi hulitamka mara moja kwa miaka kumi. Huko Lodwar kuna watoto watakuja kulia mbele yako. Usiwe na haraka ya kuwatuma maji.

Sasa tufike kwa ndovu. Ulikuwa chuoni, ukaisikia kwa simu jinsi nilivyotaka uisikie. Ndovu mkubwa kama trekta, alfajiri, ameukumbatia ukuta kwa mkonga, anaung'oa, nami na khanga moja kifuani nampigia sufuria usoni mpaka anakimbia akilia. Uliwasimulia wenzako. Nilipata jina hadi huko chuoni. Hapa kwetu hakuna arusi niliyohudhuria bila kuambiwa, "Mama Wakesho, hebu ile ya ndovu." Na mimi sikatai kuombwa.

Ukweli ni huu. Kilikuwa kiangazi, alikuja kutafuta maji kama jirani yeyote. Alikula mapasheni yetu kidogo. Akasogea kwenye nguzo ya mlangoni, akajikuna. Basi. Alijikuna kama mzee anayejikuna mgongo kwenye fremu ya mlango, taratibu, mara mbili. Mara ya tatu nguzo ikalala, ikavuta na kipande cha ukuta. Mwanangu, ndovu mwenyewe alishtuka! Alirudi nyuma akatazama kama mtu aliyevunja kikombe kwa watu.

Alipokwenda zake nikatoka nikaokota. Matofali yalikuwa yamemomonyoka nyuso, mengine unga mtupu. Na ile simiti yangu? Nzima, ngumu kama mfupa, imesimama na umbo la tofali ambalo halipo. Hapo nilijua. Nilijua vizuri kabisa, na jirani alipokuja mbio akauliza, "Ni nini?" nikasema, "Ndovu."

Uongo huo ulinipa sifa miaka miwili. Leo umekuja kudai kibanda.

Gari lenu halijapotea machoni, Baba Mdogo wako Mwakio akaingia na wale wanaume wawili. "Kwawuka mana, shemeji," akaniamkia vizuri kabisa, kofia mkononi. Nikajua ni ubaya. Mtu wetu akikuamkia kwa heshima nyingi hivyo, angalia mikono yake. Mikono ya wale wawili ilikuwa na nyundo.

"Mtoto anaondoka kesho," akasema. "Sasa utabaki hapa wewe na haya magofu, mkilindana?"

"Tutalindana. Kwani wewe unalindwa na nani?"

"Shemeji, usinifanyie mzaha. Ndovu ameshaijua njia. Wewe mwenyewe umetusimulia alivyokuja kwa hasira. Akirudi atapita hapa aende mpaka kitandani kwako. Tukibomoa, tukajenga vyumba vitatu vya mawe vikitazama barabara, kutakuwa na watu, kutakuwa na taa, wewe utakuwa salama na ukoo utakuwa na kitu. Nani hapa atasema nakosea?"

Na unajua shamba hili bado ni la ukoo, neno lake lina uzito. Wanjala alikuwa amekuja na bakora yake, amekaa juu ya ndoo, ananitazama tu. Nikafungua mdomo nimjibu Mwakio, nikakuta kila jibu nililonalo limezibwa na hadithi yangu. Nikisema ndovu harudi, nilishasema alikuwa na kichaa. Nikisema ukuta ulikuwa imara, basi ni nguvu ya ajabu iliyouangusha. Kijana mmoja akaenda akapiga nguzo ya babako kwa nyundo, kidogo tu, kujaribu. Ikatoa vumbi.

"Acha!" nikasema. "Ndovu hana makosa."

Wakageuka wote.

Nikawaambia. Karai moja kwa mbili. Maji ya chumvi. Kitambaa cha Jumapili. Kujikuna mara tatu. Nilisema nimesimama, Wakesho, sikukaa, na sauti haikutetemeka mpaka mwisho kabisa, na hapo nilijifanya nimekohoa.

Baba Mdogo wako alikaa chini kwenye baraza. "Shemeji, hadithi ile nimeisimulia Miasenyi, kwenye arusi! Nikalia mbele ya watu!"

"Ulilia?"

"Nililia!"

"Basi nilisimulia vizuri."

Wanjala alianza kucheka mpaka bakora ikamponyoka. "Miaka miwili mimi nangoja hiyo maneno," akasema. "Ndovu hapaki ukuta chumvi."

"Kumbe ulijua? Mbona hukusema?"

"Hadithi ilikuwa tamu, Mama Wakesho. Na chapati pia."

Mwakio hakucheka. Alisema kama ni hivyo basi ni vibaya zaidi, kibanda kimeoza chote, kibomolewe leo leo. Hapo ndipo moto ulinishika. Nikamwambia: "Kimeharibiwa na mkono huu. Kitatengenezwa na mkono huu. Ningekuwa mwoga ningekuachia, maana mpaka asubuhi hii wewe hukuijua aibu yangu. Nimejivua nguo mbele ya wageni kwa ajili ya ukuta. Sasa ukitaka kubomoa, anza na mimi, nami si tofali laini."

Tukatazamana. Yule ni ndugu wa babako, mwanangu, macho ni yale yale, na hilo halikunisaidia. Mwishowe akasema: "Siku ya Jamhuri ukoo wote tutakuja. Watu kumi na wawili watakaa kwenye baraza hii wakiegemea ukuta. Tofali moja likicheza, kesho yake naleta mawe yangu, na sitaki kusikia neno."

"Kumi na wawili ni wachache. Mlete na mkeo. Huyo tutamhesabu wawili."

Kijana mmoja alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Mwakio alijikaza, akajikaza, ikamshinda. Akacheka pia. Tukapeana mkono, Wanjala akiwa shahidi.

Na mimi sikungoja kesho. Walipoondoka tu nikachukua ile bisibisi ya babako na nyundo, nikaanza kukwangua. Wanjala amekaa juu ya ndoo yake ananiamuru kama mfalme. Simiti yangu ya zamani inatoka kwa shida, inatoka na ngozi ya kidole gumba. Unakwangua ndani mpaka ufike kwenye udongo ulio mzima, si kupaka juu juu. Matofali yaliyoanguka nayagonga moja moja: zima linalia, bovu linasema pu. Mabovu ni mengi. Lakini Wanjala amenionyesha kitu. Mengi yameliwa uso mmoja tu, ule uliotazama nje. Ukiligeuza, upande wa pili uko kama siku lilipotoka kwenye tanuri. Nimeshapata mia mbili na kitu. Nitayaloweka kwenye karai mpaka yaache kutoa mapovu, nitayaunga kwa udongo wa kichuguu na mchanga na chokaa, nitayafunika magunia mabichi siku saba. Na maji ni ya mfereji. Nitangoja Ijumaa. Andika hapo pembeni: mamako atangoja Ijumaa.

Katikati ya kifusi nimelikuta lile tofali la kwato. Zima. Nimeligonga, limelia kama kengele ya shule.

Kwa hiyo usiandike barua yoyote ya kukataa kazi. Unanisikia? Nilikuona juzi ukiugusa ukuta huu kama mtu anayegusa mgonjwa, nikaogopa. Si kwa sababu utaniacha. Niliogopa utabaki, uje kunisimamia kama nguzo ya nne, halafu siku moja ukiwa na umri wangu uanze kuwasimulia watu kwamba ni ndovu. Nenda. Walimu wote wa Lodwar wakusikie unavyotamka Kiswahili chako. Ukikosea huko, na utakosea, sema mapema. Mimi nilichelewa, ikanibidi niseme mbele ya nyundo.

Jambo moja lililobaki, na hili ni letu wawili. Baba Mdogo wako alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza polepole, kama mtoto, "Shemeji, na ile sufuria? Ulimfukuza kweli kwa sufuria?"

Nikamtazama machoni. "Sufuria ni kweli."

Na ni kweli niliipiga, Wakesho. Nilipoipiga ndovu alikuwa ameshafika barabarani. Lakini hiyo niachie. Mtu hawezi kusema ukweli wote siku moja.

Nasikia gari lako linateremsha watu pale kona, nadhani na nyanyako umemleta, nasikia sauti yake ikigombana na kondakta. Ngoja nifiche daftari. Mikono yangu ina vumbi, utaniuliza nilikuwa nafanya nini, nitakwambia nilikuwa napika.

Kule Lodwar ule, ushibe, usinirudie mwembamba, maana nahitaji uzito wako. Nimeshakupangia mahali: nguzo ya mlangoni, ile iliyolala, chini ya tofali la kwato. Utaiegemea kwa mgongo wote, mbele ya Baba Mdogo na mkewe, na Wanjala, na nyanyako, na wote wa Rukanga na Mwatate, usiiogope, isukume. Tarehe kumi na mbili Desemba, siku ya Jamhuri, saa nne asubuhi.